Kusanifu Chipu ya Mikrofluidiki kwa Uigaji wa Kompyuta: Mwongozo Kamili Unaoanzia kwenye Karatasi

Chipu ya mikrofluidiki ni kipande cha kioo, plastiki au mpira wa silikoni chenye mifereji myembamba kama unywele, ambamo vimiminika vya kiasi kidogo sana hupitishwa ili vichanganywe, vitenganishwe au vipimwe. Kuandaa kalibu ya chipu moja hula siku na fedha, na kosa la umbo haliwezi kufutwa likishachongwa. Ndiyo maana wasanifu huliiga umbo hilo kwenye kompyuta kabla ya kuligusa kwa mikono. Hata hivyo, programu ya uigaji hujibu kila inachoulizwa, hata swali la kipuuzi, na jibu lake huja na rangi za kupendeza. Mwongozo huu unafuata kifaa kimoja tangu hesabu ya karatasini hadi chipu iliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu naamini mtu hujifunza zaidi kwa kukifuata kifaa kimoja hadi mwisho kuliko kwa kuorodheshewa mbinu ishirini.

Kifaa chetu ni kichanganyio chenye umbo la herufi Y. Mikono miwili inakutana na kuwa mfereji mmoja wenye upana wa mikromita 100 na kina cha mikromita 50. Mkono mmoja unaleta maji yenye fluoresini, rangi inayong'aa chini ya hadubini, na mwingine unaleta maji matupu. Kila mkono unapitisha mikrolita 1 kwa dakika.

Hatua ya kwanza: andika swali kwa sentensi moja

Swali letu ni hili: mfereji wa pamoja uwe na urefu gani ili tofauti ya rangi kati ya upande na upande ishuke hadi asilimia 5 ya ilivyokuwa mwanzoni, na pampu itahitaji presha kiasi gani? Sentensi ya namna hii ndiyo itakayoamua ni fizikia ipi iingizwe na ipi iachwe. Asiyeiandika huishia kuiga kila kitu, pamoja na joto na mvutano wa uso wa maji, bila kujua anatafuta nini.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mikrolita 2 kwa dakika ni sawa na mita za ujazo 3.33 × 10⁻¹¹ kwa sekunde. Ukigawanya kwa eneo la mkato wa mfereji, unapata kasi ya wastani ya milimita 6.67 kwa sekunde. Densiti ya maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, mnato wake katika nyuzi 20 za Selsiasi ni paskali-sekunde 0.001, na kipenyo cha kihaidroliki cha mfereji huu, yaani 2wh ÷ (w + h), ambapo w ni upana na h ni kina, ni mikromita 67. Kutokana na tarakimu hizo namba ya Reynolds, ambayo hulinganisha nguvu ya mwendo wa maji na nguvu ya mnato, ni takriban 0.44. Msukosuko wa maji katika mabomba huanza kwenye namba ya 2,000 hivi, kwa hiyo hapa hakuna msukosuko kabisa: maji mawili yanatembea bega kwa bega kama matabaka, na rangi inavuka kwa usambaaji wa molekuli peke yake.

Usambaaji wa fluoresini katika maji una kipimo cha takriban mita za mraba 5 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde, tukiite D. Namba ya Péclet, ambayo hulinganisha kasi ya kuchukuliwa na maji na kasi ya kusambaa, ni kasi mara upana gawanya kwa D, yaani takriban 1,330. Namba kubwa kiasi hicho inatuambia kwamba rangi itasafiri mbali kabla haijavuka upana. Ukiutatua mlinganyo wa usambaaji kwa matabaka mawili yenye upana sawa, utaona kwamba tofauti ya rangi hushuka hadi asilimia 5 baada ya muda wa takriban 0.3 × w² ÷ D, ambao hapa ni sekunde 6. Kwa kasi tuliyonayo, sekunde 6 ni milimita 40. Jibu la kwanza tumelipata kabla ya kuwasha kompyuta.

Jibu la pili hutoka kwenye ukinzani wa mfereji, ambao hufanya kazi kama ukinzani wa waya wa umeme: presha ni volti, mtiririko ni mkondo. Kwa mfereji wa mstatili wenye urefu L, ambao kina chake h ni kidogo kuliko upana wake w, na maji yenye mnato μ,

R ≈ 12 μ L ÷ [w h³ (1 − 0.63 h/w)]

Kwa urefu wa milimita 40, R ni takriban 5.6 × 10¹³ katika vizio vya SI, na presha inayohitajika ni paskali 1,870 hivi. Hiyo ni presha ya maji yenye kimo cha sentimita 19 tu. Chupa iliyoinuliwa juu ya kitabu kinene na boksi la viatu ingeweza kuisukuma chipu hii bila pampu yoyote.

Sasa tazama hesabu hii inavyozaa usanifu. Kwa mtiririko usiobadilika, urefu wa kuchanganya ni sawia na w ÷ h. Ukiongeza kina kutoka mikromita 50 hadi 100, urefu unaohitajika unashuka hadi milimita 20, na presha inaporomoka kutoka paskali 1,870 hadi chini ya 200. Mtu aliyekimbilia kwenye programu angeweza kupitisha wiki nzima akipinda mfereji wake huku na huku bila kugundua hilo. Tutaendelea na kina cha mikromita 50, tukichukulia kwamba kalibu iliyopo ndiyo hiyo, lakini kumbuka kwamba kina ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote.

Hatua ya tatu: chagua kiasi cha fizikia na chombo cha kazi

Milinganyo inayohitajika ni miwili: ule wa Navier na Stokes kwa mtiririko tulivu usiobadilika kwa wakati, na ule wa kusafiri na kusambaa kwa rangi. Kwa kuwa rangi ni chache mno kubadili mnato au densiti, mtiririko hutatuliwa kwanza, kisha rangi huwekwa juu yake. Kuitatua yote kwa pamoja ni kupoteza muda.

COMSOL Multiphysics na Ansys Fluent zinaifanya kazi hii vizuri, ila leseni zake ni ghali. OpenFOAM, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2004, ni ya bure na inatosha kabisa, pamoja na ParaView kwa kutazama matokeo. Tahadhari moja: OpenFOAM ina matawi mawili yanayotofautiana kidogo. Majina ya solva, yaani programu za kutatua milinganyo, ninayotumia hapa (simpleFoam kwa mtiririko na scalarTransportFoam kwa rangi) ni ya mtindo wa zamani, ambao bado unafanya kazi katika tawi la openfoam.com, ilhali tawi la Foundation, kuanzia toleo la 11, limezikusanya solva nyingi chini ya amri moja ya foamRun.

Kuna njia nyepesi zaidi ambayo nawashauri wanafunzi waijaribu kabla ya zote. Katika mfereji ulionyooka, mtiririko hukomaa haraka sana. Kwa namba ndogo kama yetu ya Reynolds, umbali wa takriban mikromita 40 unatosha. Baada ya hapo umbo la kasi halibadiliki. Namba ya Péclet ni kubwa, kwa hiyo usambaaji wa kuelekea mbele unaweza kupuuzwa. Kinachobaki ni mkato mmoja wa mfereji unaosogezwa mbele hatua kwa hatua, kana kwamba umbali ni wakati. Programu fupi ya Python huimaliza kazi hiyo kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kwa muda mfupi, na huwa hakimu mzuri wa matokeo ya OpenFOAM.

Usishawishike kuiga kwa vipimo viwili, upana na urefu peke yake. Karibu na sakafu na dari maji huenda polepole, na rangi hupata muda mwingi zaidi wa kuvuka kuliko katikati. Rustem Ismagilov na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba upana wa eneo la mchanganyiko karibu na kuta hizo hukua kwa kipeo cha 1/3 cha umbali, si cha 1/2 kama katikati. Picha ya vipimo viwili haiwezi kuliona jambo hilo.

Hatua ya nne: chora umbo na utengeneze wavu

Chora sehemu inayojibu swali tu. Mfereji wa milimita 40 kwenye chipu halisi utakunjwa kama nyoka, lakini kwa Reynolds ya 0.44 kona haziletei mzunguko wa maana ndani ya maji, kwa hiyo uigaji unaweza kuunyoosha. Mikono ya kuingilia ikatwe mifupi, mikromita 200 hivi. Pia, nusu ya juu ya kina ni kioo cha nusu ya chini: kata umbo kwa uwiano huo, na uokoe nusu ya kumbukumbu ya kompyuta.

Wavu ndio mgawanyo wa mfereji katika seli ndogo ambazo ndani yake milinganyo hukokotolewa. Tumia seli za mstatili zilizopangwa kufuata mwelekeo wa maji, upana wa mikromita 2 kwa mkato na urefu wa mikromita 10 kuelekea mbele. Kwa nusu ya kina hiyo ni 50 × 12 × 4,000, yaani seli milioni 2.4, mzigo ambao mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 hubeba bila kulalamika. Andika vipimo katika blockMeshDict, faili la OpenFOAM linaloeleza wavu, kwa mikromita na uweke kipimo cha kubadili kuwa 1e-6, kisha endesha amri ya kuukagua wavu, checkMesh, na usome kwa macho yako mstari unaotaja ukubwa wa umbo zima. Mfereji wenye upana wa mita 100 si jambo la ajabu kwa anayeanza.

Hatua ya tano: masharti ya mipaka

Kuta: kasi ni sifuri, na rangi haipiti. Kwa maji katika mfereji mkubwa kuliko mikromita moja, sharti la kutoteleza ukutani ni salama. Kutokea: presha ni sifuri. Kuingilia: weka mtiririko kwa sharti la flowRateInletVelocity, na hapa ndipo watu hujikwaa. Kwa kuwa umeukata mfereji nusu, mtiririko wa kila mkono nao ni nusu, yaani 8.33 × 10⁻¹² badala ya 1.67 × 10⁻¹¹. Ukisahau, kasi itakuwa mara mbili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaojitokeza.

Mtego wa pili: simpleFoam hushughulikia presha iliyogawanywa kwa densiti. Badala ya paskali 1,870 utaona 1.87. Zidisha kwa 1,000. Nimewahi kumwona mhandisi mzoefu akitafuta kosa kwenye wavu wake siku mbili nzima kwa sababu ya tarakimu hiyo.

Hatua ya sita: kokotoa, kisha ushuku

Endesha simpleFoam kwa hali tulivu hadi mabaki ya milinganyo, yaani kiasi ambacho bado haijatimia, yashuke na presha ya kuingilia iache kubadilika kwenye tarakimu ya nne. Agiza matokeo yahifadhiwe mara kwa mara na ukokotozi uanzie pale ulipoishia. Umeme ukikatika usiku, utapoteza dakika badala ya saa. Kisha kagua mambo matatu: kiasi kinachotoka kiwe sawa na kinachoingia, kasi ya juu katikati ya mfereji iwe takriban mara 2 ya wastani, yaani milimita 13.3 kwa sekunde. Presha ilingane na hesabu ya karatasini ndani ya asilimia chache. Moja kati ya hayo likikataa, usiguse rangi bado.

Rangi ndiyo yenye hila kubwa. Njia rahisi ya kukokotoa usafiri wake, ile iitwayo upwind, huongeza usambaaji wa uongo ambao haupo katika maji, na unaotokana na wavu wenyewe. Pale ambapo maji yanapita mshazari kwenye seli, ukubwa wake unakaribia kasi mara upana wa seli gawanya kwa 2. Kwa seli ya mikromita 2 hiyo ni 6.7 × 10⁻⁹, mara 13 ya usambaaji halisi wa fluoresini. Kuuondoa kwa kupunguza seli peke yake haiwezekani: hata kuushusha ulingane tu na ule halisi ungehitaji seli za mikromita 0.15 kila upande, na mfereji mzima ungekuwa na seli bilioni 59.

Nalisema hili kwa uchungu. Chipu yangu ya kwanza niliigawanya kwa seli za tetrahedroni (zenye nyuso nne za pembetatu) zisizo na mpangilio, nikaacha mpango wa upwind uliokuja na mfano niliounakili, na skrini ikanionyesha rangi imechanganyika ndani ya milimita 6. Nilifurahi, nikachongesha mfereji wa milimita 10. Chini ya hadubini mistari miwili, mmoja wa kijani na mmoja mweusi, ilifika mwisho wa mfereji ikiwa bado imeachana.

Dawa zipo tatu, na zitumike pamoja. Seli zifuate mwelekeo wa maji, maana katika mfereji ulionyooka usambaaji wa uongo wa kuvuka upana hutoweka. Mpango wa usafiri uwe wa daraja la pili wenye kizuizi, kama limitedLinear au vanLeer, ili rangi isizidi 1 wala kushuka chini ya 0. Na kabla ya kukubali jibu lolote, endesha jaribio moja ambalo halina gharama: weka D iwe sifuri na ukokotoe upya. Maji mawili yasiyosambaa hayana ruhusa ya kuchanganyika, kwa hiyo mchanganyiko wowote utakaouona mwishoni ni wa uongo, na ukubwa wake ndio ukubwa wa kosa lako.

Kiwango cha mchanganyiko kipimwe kwenye mikato mbalimbali ya mfereji kwa mkengeuko sanifu wa rangi, kila seli ikipewa uzito kulingana na maji yanayopita ndani yake. Ukiacha uzito huo, maji yaendayo polepole karibu na kuta yatahesabiwa sawa na yale ya katikati yanayobeba sehemu kubwa ya rangi.

Hatua ya saba: nyavu tatu

Rudia kwa seli za mikromita 4, 2 na 1 katika mkato, ukipunguza na urefu wake kwa uwiano uleule. Wavu wa mwisho una seli mara 8 ya ule wa kati, takriban milioni 19, kwa hiyo uendeshe kwa kipande kifupi cha mfereji endapo mashine ni ndogo. Urefu wa kuchanganya ukibadilika kidogo kila unapopunguza seli, na badiliko la pili likiwa dogo kuliko la kwanza, unaelekea pazuri. Patrick Roache alipendekeza mwaka 1994 kipimo cha kuripoti kosa la wavu kutokana na nyavu za namna hii, na majarida ya uhandisi hukitarajia.

Hatua ya nane: pale ambapo umbo rahisi linashindwa

Weka albumini, protini yenye molekuli kubwa, badala ya fluoresini. D yake ni takriban 6 × 10⁻¹¹, na hesabu ileile inadai mfereji wa sentimita 33. Hapo ndipo umbo lenyewe linapaswa kubadilika. Mwaka 2002 Abraham Stroock na wenzake walichonga kwenye sakafu ya mfereji mitaro yenye umbo la mifupa ya samaki, ambayo huyapinda na kuyakunja maji tena na tena kama mpishi anavyokunja unga wa chapati, na urefu wa kuchanganya ukawa unaongezeka kwa logarithimu tu ya namba ya Péclet.

Kuliiga umbo hilo kwa njia ya rangi ni kuualika ule usambaaji wa uongo, kwa kuwa maji sasa yanapita mshazari kila mahali. Mbinu inayofaa ni kutatua mtiririko wa mzunguko mmoja wa mitaro kwa mipaka inayojirudia, kisha kuachilia maelfu ya chembe za kubuni na kurekodi kila moja imetokea wapi kwenye mkato. Mtiririko wa kila mzunguko ni uleule, hivyo ramani hiyo moja hutumika tena kwa mizunguko mingi upendavyo.

Matone ya mafuta na maji ni somo jingine. Humo namba inayotawala ni ya kapilari, mnato mara kasi gawanya kwa mvutano wa uso, na programu za kufuatilia uso wa tone, kama interFoam, huzalisha mikondo ya uongo pembeni mwa tone pale namba hiyo inapokuwa ndogo. Asianzie hapo mtu ambaye hajakamilisha mfereji wa Y.

Hatua ya tisa: peleka tarakimu kwenye chipu halisi

Uigaji wetu umechukua nyuzi 20. Maabara isiyo na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa huwa karibu na 30, ambako mnato wa maji ni takriban 0.8 ya ule wa nyuzi 20 na usambaaji unapanda kwa karibu asilimia 30. Presha itashuka kwa asilimia 20, na milimita 40 zitakuwa 31. Pima joto la meza, si la chumba cha jirani, kisha kokotoa upya.

Kina nacho hakitakuwa mikromita 50 kamili. Kikitoka 45, presha inapanda kwa asilimia 31 na urefu wa kuchanganya kwa 11. Chipu ya mpira wa silikoni aina ya PDMS huvimba pia: uvimbe unakadiriwa kuwa presha mara upana gawanya kwa ugumu wa mpira, ambao ni megapaskali 1 hadi 3. Kwa presha yetu hiyo haifiki hata mikromita 0.2, na inapuuzika. Kwa kilopaskali 100 ingekuwa mikromita 5 hivi, na uigaji wa kuta ngumu usingefaa tena.

Njia bora niijuayo ya kupata kina halisi haihitaji hadubini ya bei kubwa. Inua chupa za maji sentimita 19 juu ya kimo cha maji ya kutokea, ziunganishe na chipu kwa mirija yenye kipenyo cha ndani cha nusu milimita, na uache maji yatiririke. Mrija wa sentimita 30 wa aina hiyo una ukinzani usiofika nusu ya asilimia ya ule wa mfereji. Mdomo wa mrija wa kutokea uwe umezama ndani ya maji ya kichupa, kwa sababu tone la nusu kipenyo cha milimita 1 likining'inia mdomoni huongeza presha ya paskali 140 hivi. Funika maji hayo kwa mafuta kidogo yasivukizwe, maana unatarajia gramu 0.12 tu kwa saa. Pima uzito kabla na baada ya saa tatu au nne, pata R, na utafute h katika ule mlinganyo wa hatua ya pili kwa kutumia mnato wa joto la siku hiyo. Kwa vile ukinzani hubadilika kwa karibu kipeo cha tatu cha kina, kosa la asilimia 3 katika mtiririko ni kosa la asilimia 1 tu katika h. Tarakimu hiyo ndiyo ya kurudisha kwenye blockMeshDict, kisha uendeshe upya hatua ya sita kabla ya kuichongesha chipu ya pili.